Sura ya Sita: Singo ya Mwenye Eda

Bi Mejumaa alikataa kiti. Aliutua mkebe juu ya meza ya Inspekta Mwanapili Boga kwa kishindo kilichowafanya askari wa kaunta wageuke, kisha akakifungua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe.

"Nusa," alisema.

Mwanapili alivaa glavu kwanza, ndipo akausogeza mkebe karibu. Harufu ya juu ilikuwa ya liwa, karafuu na marashi ya waridi, kama singo yoyote, ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi, anayosingwa bi harusi wa pwani kabla ya siku yake. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, kali, iliyochoma pua na kuleta machozi.

"Hiyo ndiyo iliyomla mwanangu uso," alisema Bi Mejumaa. "Mwanasha amelazwa tangu jana. Amefungwa bendeji, hata uji anaunywa kwa mrija. Harusi ilikuwa Jumapili. Asubuhi hii nimekwenda kwa wakwe nikawaambia wasije. Mimi, kwa mdomo huu! Sasa nataka huyo mwanamke anitazame machoni."

Kwenye ubavu wa mkebe palikuwa na karatasi iliyochapishwa kwa rangi: Singo ya Maimuna, Msambweni. Chini yake palikuwa na namba ya simu na jina la ukurasa wake wa mtandaoni.

Mkuu wa kituo, Kalama, alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani. "Jina la mshukiwa limebandikwa kwenye kielelezo, Inspekta. Sijawahi kuletewa kesi nyepesi kuliko hii. Bi Maimuna awe hapa kabla ya adhana ya alasiri."

"Bi Maimuna amefiwa na mumewe, afande. Yumo ndani ya eda. Kumtoa mjane nyumbani mwake na kumtia seli ni jambo ambalo mji huu hautalisahau. Hata akija kuonekana hana hatia, jina lake litakuwa limekwisha."

"Na uso wa mwanangu?" Bi Mejumaa aliichomoa simu kifuani na kuisukuma juu ya meza. "Eda! Eda gani hiyo ya kukaa ndani ukiuza? Tazama wiki iliyopita aliandika nini."

Ukurasa ulikuwa wazi. Picha ilionyesha bakuli la singo mbichi na mkono wa mwanamke ukiikoroga. Vidole vilikuwa vimepakwa hina, wekundu wake ungali umekolea. Maneno ya chini yalisema: Nimeikoroga leo kwa mikono yangu mwenyewe. Ni kali kuliko ya zamani. Bi harusi atang'aa kabla ya siku yake. Tunatuma popote pwani. Hapo chini wanawake walikuwa wameacha dua, mioyo na maswali.

Mwanapili aliutazama ule mkono kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama maneno.

"Simu hii nitaihitaji, Bi Mejumaa. Ndani yake mna mazungumzo yako na muuzaji."

Bi Mejumaa alisita, mkono wake ukiwa bado juu ya simu. "Mna mambo yangu mengine pia."

"Hayo mengine siyataki."

"Haya, chukua. Lakini ujue kwamba nikitoka hapa nakwenda kusimama mlangoni pake na watu wangu. Adhana ikilia naye hajatoka, tutamtoa sisi."

"Umesikia," alisema Kalama, akavaa kofia yake, akaondoka.

Mkebe ulitiwa katika mfuko wa vielelezo, ukafungwa, ukapelekwa kwa wakemia. Mwanapili aliingia garini na Koplo Tsofa, mtu wa Samburu ya Kinango, aliyekuwa amekaribia kustaafu na asiyeogopa cheo cha mtu.

"Nieleze polepole, Inspekta," alisema Tsofa akiwasha gari. "Mimi ni mtu wa kule kwa malori na mbuzi. Mwanamke ana jina kwenye mkebe, ana ukurasa, ana bakuli. Sisi tunaogopa nini?"

"Mkono."

"Una nini huo mkono?"

"Una hina. Mjane aliye katika eda hapaki hina, Koplo. Hatii wanja, hajifukizi, hajitii manukato. Akikiuka, jirani ataisikia harufu kabla yeye hajafika mlangoni."

"Picha yaweza kuwa ya zamani."

"Yaweza."

"Basi hujaniambia kitu."

"Ndiyo maana sijamkamata mtu."

Nyumba ya Bi Maimuna ilikuwa nyuma ya maduka ya barabara kuu ya Msambweni. Aliyewafungulia ni Mwanarusi, dada wa marehemu, mwanamke wa makamo mwenye sauti laini. Alikuwa amejitanda leso, na mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya leso hiyo.

"Makiwa," Tsofa alimpa pole, akanyoosha mkono.

"Tunayo, baba. Nisamehe, nimeshatia udhu wa adhuhuri." Mkono haukutoka.

"Makiwa, Bi Mwanarusi," alisema Mwanapili, naye akanyoosha wake.

"Tunayo, mwanangu. Nawe nisamehe. Udhu."

Mkono wa Mwanapili ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. Tsofa aliketi barazani. Mwanapili alipelekwa ndani.

Bi Maimuna alikuwa ameketi chini, amevaa gauni jeupe lisilo na nakshi, bila kipini wala bangili. Alimwonyesha mgeni wake mkeka mpya wenye ukingo uliosukwa kwa ukili wa zambarau.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba. Keti hapo. Huo mkeka usiuogope, waliuleta jamaa wa marehemu kutoka Bodo siku ya hitima. Ndio unaokaliwa na wageni."

"Nimekuja kwa jambo zito."

"Najua. Kuna mtu amepita nje akinitukana kwa jina tangu asubuhi. Uliza."

"Mara ya mwisho kutengeneza singo ilikuwa lini?"

"Kabla Salimu hajafariki."

"Una hakika?"

Bi Maimuna alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Diani."

"Wa Kiislamu?"

"Naam."

"Basi mbona waniuliza kama mtalii? Tangu Salimu atiwe kaburini sijagusa hata punje ya karafuu. Wasichana wamekuja hapa wakilia, harusi zao zimekaribia, nimewarudisha. Wengine ni watoto wa ndugu zangu!"

Mwanapili alimpa simu ya Bi Mejumaa. Bi Maimuna aliisogeza mbele ya macho, akaitazama picha, na uso wake ukabadilika.

"Nani amenivika hina?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

"Nasema, nani amenivika hina, nami mume wangu yuko kaburini?" Sauti ilipanda hadi Tsofa akasimama kule barazani. "Huyu anayesema 'mikono yangu mwenyewe' ni nani? Jina hili nimelijenga tangu wanangu wako mgongoni! Nimewasinga mabibi harusi wa nchi hii yote, na hakuna aliyewahi kurudi kwangu na kipele!"

"Ukurasa huu unaendeshwa na nani?"

"Feisal, yule kijana wa Ukunda anayefundisha wenye biashara ndogo kuuza mtandaoni. Ndiye aliyenifungulia. Salimu alipofariki nilimwambia aweke tangazo kwamba hakuna singo hadi eda iishe."

"Na simu yako iko wapi?"

"Kwa wifi yangu. Wanaume walikuwa wanapiga kutwa kunipa pole, nami sikutaka kuzungumza na wanaume. Mwanarusi huwajibu kwa niaba yangu." Alirudisha simu kama anayerudisha kitu kichafu. "Nenda kwa Feisal. Mwambie nikitoka eda nitamfuata kwa miguu yangu."

Ofisi ya Feisal ilikuwa juu ya duka la simu mjini Ukunda. Alikuwa kijana mtanashati, na skrini iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kuliko dirisha.

"Karibu, madam."

"Madam ni wa shuleni," alisema Tsofa. "Huyu ni Inspekta Boga. Toa vifaa vyako sikioni."

Feisal alivitoa. "Nawasaidia kwa biashara gani?"

"Singo ya Maimuna," alisema Mwanapili.

"Aah. Huyo alikuwa mteja wangu. Siku hizi si wangu tena."

"Ukurasa wake unauza dawa iliyomchoma bi harusi. Wewe ndiye uliyeufungua. Nieleze kwa nini nisikuchukue sasa hivi."

Ucheshi wote ulimtoka. "Ngoja. Ngoja, tafadhali. Niwaonyeshe." Alifungua faili mbili tatu, akaigeuza skrini. "Hili ndilo tangazo nililoweka. Bi Maimuna amefiwa, hakuna singo mpaka eda iishe. Lilikaa siku chache, likafutwa. Asubuhi yake nilikuta nimetolewa. Siwezi kuingia, siwezi kuandika. Huu hapa ujumbe niliotumiwa na mtandao wenyewe."

"Waweza kuwa umejitoa mwenyewe ili useme hivyo," alisema Tsofa.

"Siwezi, mzee. Ili kumtoa mtu, lazima uingize namba ya uthibitisho, na hiyo namba hutumwa kwa simu ya mwenye ukurasa. Si kwangu. Aliyenitoa alikuwa ameishika simu ya Bi Maimuna."

Mwanapili aliusoma ujumbe huo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaupiga picha. "Ukafanya nini?"

"Nilipiga simu. Mwanamke akanijibu kwamba familia imeamua kujiendeshea. Hakujitaja jina."

"Ulijua kuwa Bi Maimuna yuko eda. Uliona ukurasa wake unauza manukato, tena unasema ameyakoroga kwa mikono yake. Ukanyamaza?"

"Inspekta, nina wateja wengi. Mshonaji, muuza juisi, wenye vyumba vya wageni... Mtu akinitoa, nahesabu amenitoa. Mimi si polisi."

"Hapana. Wewe ni mwalimu. Uliwafundisha nini katika mafunzo yako?"

"Mambo ya kawaida. Piga picha kwenye mwanga. Mjibu mteja haraka. Ukurasa ukinyamaza unakufa, watu wanahamia kwa mwingine. Na usikilize wateja. Wakiuliza kitu kimoja kila siku, wape hicho."

"Walikuwa wakiuliza nini kwa Bi Maimuna?"

Feisal aliteremsha maoni ya miezi iliyopita, moja baada ya jingine. Ni nzuri, dada, lakini inang'arisha? Inachukua muda gani mtu awe mweupe? Nina wiki mbili tu. Kuna ya kali? Majibu ya Bi Maimuna ya wakati huo yalikuwa mafupi, na yote yalikuwa sawa: Singo husafisha na kunukisha. Haibadilishi rangi aliyokupa Mungu.

"Nilimwambia majibu hayo yanafukuza watu," alisema Feisal kwa sauti ndogo.

"Ulimwambia hivyo?" Mwanapili aliiinamia meza hadi kijana akasogeza kiti nyuma. "Mama wa watu anawaambia wasichana ukweli kuhusu ngozi zao, nawe unamwambia anafukuza wateja?"

"Ilikuwa ushauri wa biashara."

"Ikuze ile picha ya bakuli. Kubwa uwezavyo."

Picha ilijaa skrini. Mkono ukawa mkubwa kama wa jitu, hina ikaonekana hadi kwenye mikunjo ya vidole. Mwanapili hakuutazama tena. Alikitazama kipande cha sakafu kilichoonekana chini ya bakuli, pembeni kabisa.

"Mkeka," alisema Tsofa.

"Una ukili wa zambarau. Nimeukalia asubuhi hii. Uliletwa nyumba ile siku ya hitima ya marehemu, kwa hiyo picha si ya zamani, nayo haikupigwa kwingine." Alimgeukia Feisal. "Bi Maimuna alikuja kwenye mafunzo peke yake?"

"Hapana. Alikuja na wifi yake, Bi Mwanarusi. Bi Maimuna alikaa nyuma, akisinzia. Huyo mwingine alikaa mbele kabisa. Aliuliza maswali kuliko vijana."

Njiani kurudi Msambweni, Mwanapili alifungua mazungumzo ya Bi Mejumaa na muuzaji, akayasoma yote. Hakumwambia Tsofa alichokisoma. Aliifunga simu, akaishika mapajani hadi walipofika.

Wanawake walikuwa wamejaa mbele ya nyumba. Bi Mejumaa alikuwa katikati yao, buibui lake limefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Umekuja na pingu?" alipaza sauti.

"Nimekuja nazo. Njoo ndani nawe. Wewe peke yako."

Bi Maimuna alikuwa pale pale alipomwacha. Mwanarusi alikuwa amesimama karibu na mlango wa uani, mikono ndani ya leso.

"Bi Mwanarusi," alisema Mwanapili, "nipe mkono."

"Mwanangu, nilikwambia, nina—"

"Udhu. Ulimwambia Koplo Tsofa, nikakubali. Yeye ni mwanamume wa mbali. Lakini tangu lini udhu wa mwanamke ukatenguka kwa mkono wa mwanamke mwenziwe? Ulikuwa na haraka ya kuuficha mkono hata ukasahau unazungumza na nani."

Mwanarusi alirudi nyuma hatua moja. Bi Maimuna ndiye aliyeinuka. Alimfikia wifi yake, akaivuta leso bila neno, ikaanguka.

Viganja vilikuwa vimebabuka. Ngozi ya vidole ilikuwa imetoka kwa mabaka meupe na mekundu, na ile hina ya kwenye picha ilikuwa imeliwa, imebaki kwenye kucha tu, rangi ya chungwa.

"Ya Rabi," alisema Bi Maimuna.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Mwanapili. "Utakalolisema laweza kutumiwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, na sinyamazi!" Ile sauti laini ilikwisha. "Ninyamaze kwa nini? Kaka yangu amekufa, huyu amejikalia ndani, na ukurasa unakufa! Nani angeulisha huu mlango? Kila siku wananiandikia, kila siku, ipo ya kali, ipo ya kali! Maimuna akawa anawapa mawaidha. Nikasema, mimi nitawapa wanachotaka. Nikanunua mkorogo wa kung'arisha ngozi mpakani, nikautia kwenye singo. Na walifurahi! Walinishukuru!"

"Kwa jina langu," alisema Bi Maimuna.

"Langu nani angelinunua?"

"Mikono yako ilibabuka, Mwanarusi. Uliiona. Uliiona kwa macho yako, kisha ukaendelea kutia kwenye mikebe?"

Mwanarusi aliiokota leso, akaifunika mikono tena.

Bi Mejumaa alimrukia. Tsofa, aliyekuwa ameingia hadi mlangoni, alimzuia kwa mwili wake wote. "Niachie, wee mzee! Niachie nimtoe hayo macho! Amemuua mwanangu akiwa hai!"

"Mimi?" Mwanarusi alicheka. "Mimi, Mejumaa? Ulipoletewa mkebe wa kwanza, si wewe uliyeniandikia kwamba haufanyi kitu? Si wewe uliyesema wakwe ni weupe na mtoto wako atawaaibisha kwenye picha? Uliniuliza mara ngapi kama ipo ya kali zaidi?"

Bi Mejumaa alimtazama Mwanapili.

"Yamo ndani ya simu yako," alisema Mwanapili. "Nimeyasoma."

Lile buibui alilolifunga Bi Mejumaa kiunoni lilifunguka lenyewe, naye hakulishika. Aliketi chini pale pale mlangoni, akaanza kujipiga mapaja kwa viganja, taratibu, bila kutoa sauti.

Tsofa alimfunga Mwanarusi pingu juu ya shuka ya pamba ili zisimguse penye vidonda. Chini ya kitanda chake palitolewa makopo makubwa yasiyo na jina la mtengenezaji, bakuli lile la kwenye picha, na simu ya Bi Maimuna.

"Mikebe mingapi iko nje?" aliuliza Mwanapili.

"Sijui. Sikuandika. Mtu akitaka, namtumia."

"Kwa nani? Wapi?"

"Nimesema sijui! Likoni. Lungalunga. Kinango. Nazifuta jumbe nikishatuma, nilichelea wifi yangu ataziona."

Simu ya Mwanapili iliita. Alikuwa Kalama. "Nimesikia umempata. Vizuri. Ufunge huo ukurasa sasa hivi, Inspekta, kabla wenye magazeti hawajaufikia. Ufutwe kabisa."

Bi Maimuna alikuwa amemsikia. "Mwambie hapana."

"Bi Maimuna, ukurasa ukifungwa jina lako litapumzika," alisema Mwanapili akiifunika simu kwa kiganja. "Tutatangaza kwamba mkosaji si wewe. Eda yako itaisha, utaanza upya kwa jina lako safi."

"Na msichana aliye na mkebe huko Kinango atajuaje? Atausoma wapi? Wanautazama ukurasa, hawatazami kituo cha polisi."

"Ukizungumza humo watakumbuka sauti yako na uso uliochomeka, basi," alisema Tsofa. "Hakuna atakayekumbuka ya wifi. Singo yako haitanunuliwa tena, mama."

"Wewe baba, nimeanza kazi hii kabla hujapewa hiyo kofia. Wadhani silijui hilo?" Alimgeukia Mwanapili, na macho yake yalikuwa makavu, yakiwaka. "Nipe simu yangu."

Mwanapili aliondoa kiganja. "Nitaufunga, afande," alimwambia Kalama. "Si sasa." Akakata.

Mwanarusi aliitaja namba ya siri akiwa amegeukia ukuta. Mwanapili aliufungua ukurasa, akaweka kurekodi sauti, akaisogeza simu mbele ya kinywa cha mjane.

"Assalamu alaikum," alisema Bi Maimuna. "Hii ni sauti ya Maimuna wa Msambweni. Niko katika eda ya mume wangu, na kwa sababu hiyo singo mliyotumiwa tangu afariki sikuitengeneza mimi. Imetiwa mkorogo. Imemchoma bi harusi, yuko hospitali. Mwenye mkebe asijipake, asimpe mwenziwe. Aliyejipaka anawe kwa maji mengi, aende kwa daktari leo, asisubiri. Mkebe una jina langu, nami sitalikimbia jina langu. Mniapize mimi mkitaka, lakini itupeni. Na nyinyi mliokuwa mkiniuliza weupe kila siku, hayo nitawaambia nikitoka eda. Itupeni."

Mwanapili aliuweka ujumbe huo juu kabisa ya ukurasa. Nje muadhini alianza kuadhini, na wanawake waliokuwa wakipiga kelele wakatulia. Kwenye skrini palianza kuonekana watu. Mmoja aliandika pole. Wa pili aliandika tusi. Wa tatu aliandika maneno marefu zaidi, nayo hayakuwekwa hadharani. Yalikuja kwa faragha.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Maimuna.

Mwanapili aliyasoma kimoyomoyo kwanza.

"Yasome tu," alisema Bi Maimuna.

"Anasema: 'Dada, nimejipaka tangu asubuhi, inawasha sana. Si ndiyo inafanya kazi? Nivumilie? Harusi yangu ni Ijumaa. Na ya pili ipo?'"

"Ameisikia sauti yangu?"

"Ameisikia. Chini ameandika kwamba yeye ngozi yake si laini kama ya wengine, haitachomeka."

Bi Maimuna aliichukua simu. Alibonyeza alama ya kupiga, akaweka spika. Simu ilipokewa mara moja, na sauti ya msichana, changa, ikajaa chumba.

"Haloo? Dada Maimuna? Nitaipata ya pili?"

"Wewe uko wapi?"

"Lungalunga. Niko nyumbani."

"Maji yako karibu?"

"Yapo. Lakini, dada, nikinawa sasa si itaharibika? Nitaingia harusini mweusi."

"Utaingia mweusi mwenye uso!" Bi Maimuna alipiga ukelele, na Bi Mejumaa pale mlangoni akajifunika kichwa kwa mikono. "Nawa! Nawa nikikusikia!"

Halafu, kutoka Lungalunga, likasikika beseni likiburutwa sakafuni, na maji yakimwagika.

Mwanapili alikwisha kumwashiria Tsofa awashe gari.

"Tena," alisema Bi Maimuna. "Mwaga tena."